Bidoni Chini ya Jezi

Jamani, haya yalinitokea mimi mwenyewe, si rafiki yangu wala jirani yangu, na kama ulikuwa ufukoni hapa Kindu asubuhi ile basi huna haja ya kusoma, maana ulishacheka vya kutosha. Mimi ni mtu wa aibu. Hata dukani, watu wakiwa wengi, naonyesha ninachotaka kwa kidole ili nisipaze sauti. Sasa fikirieni mtu wa namna hiyo anaelea mtoni, tumbo juu kama samaki aliyekufa, soko zima linamtazama, na wa kwanza kumfikia ni mama mkwe.

Yote yaliletwa na mapenzi. Nilimpenda Zaina wa Alunguli, ng'ambo ya mto, na kwao ni watu wa maji, mtumbwi hawaukalii, wanasimama, mwanamke na mwanamume, hata akiwa na mtoto mgongoni, na kafi inakwenda majini kama mtu anayekoroga uji. Baba yake Zaina alikwishafariki, kwa hiyo mwenye neno pale nyumbani ni baba yake mkubwa, Mzee Amisi. Siku tulipokwenda na wazee wangu kufungua mlango wa posa, Mzee Amisi alisimama ukingoni kutupokea, akaniona nikishuka mtumbwini kwa mikono na magoti (sikatai, ndivyo nilivyoshuka). Akangoja tumalize kula, kisha akasema mbele ya wote:

"Huyu kijana anakaa mu mutumbwi sawa mufuko ya muchele. Mimi sipane binti kwa muntu asiyejua kusimama. Mwezi ikiisha avuke yeye mwenyewe, wima, nimuone na macho yangu. Akishindwa, tunarudisha vitu vyenu, hatukosani."

Wazee wangu wakanitazama. Mimi nikatazama sahani.

Mtu atauliza, mtoto wa Kindu hajui maji kwa nini, na mto uko mlangoni? Nilikuwa mdogo sana vita vilipofika, bibi yangu akanibeba mgongoni mpaka misituni upande wa Obokote, na huko maji niliyoyajua ni vijito vya kufika kwenye kifundo cha mguu. Tuliporudi mjini, bibi hakutaka nikaribie Lualaba, kwa sababu katika miaka ile mto ulikuwa unapitisha vitu ambavyo mtoto hakutakiwa kuviona. Wenzangu walipoanza kuogelea mimi nilikuwa juu, nyuma ya nyumba, nachunga mbuzi wa bibi. Nikakua hivyo. Na kwa sababu ya aibu, sikumwambia mtu hata mmoja kwamba sijui kuogelea, hata Zaina. Yeye alijua tu kwamba sijui kusimama, na hilo alilicheka mpaka akashika mbavu.

Basi nikasikia kwamba Kaka Tusa, mwendesha mitumbwi, anafundisha watu wazima mtumbwi wakati wa kiangazi, mto unaposhuka na kuacha mchanga mrefu mweupe kama ufuko wa bahari. Anawachukua wanafunzi pamoja, kikundi kizima katika mtumbwi mmoja mpana, anawasukuma kwenye maji ya karibu, kisha anawaamuru wasimame mmoja mmoja. Nikaenda kujiandikisha. Akaniuliza swali moja tu: "Kuogelea unajua?" Nikatikisa kichwa namna ambayo inaweza kuwa ndiyo.

Sasa hapa ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Asubuhi ya somo, nikiwa nyumbani, nilichukua bidoni, yaani dumu tupu la mafuta ya mawese, ile ya njano ya lita tano, nikakaza kifuniko, nikaifunga tumboni kwa ukanda wa kitenge cha bibi, mizunguko mingi, fundo mgongoni, halafu nikavaa juu yake jezi pana ya mpira. Nikajitazama dirishani. Nikaona sawa. (Mtu akitaka kuona sawa, huona sawa.) Nikasema moyoni, nikianguka nitaelea, nitapanda tena, hakuna atakayejua.

Pale ufukoni tulikuwa wanafunzi watatu. Papa Sefu, fundi wa nguo, mtu mnene, mcheshi, ambaye ameoa mke wa pili ng'ambo na amechoka kuwangoja wavushaji. Na Maseri Odila, mtawa, muuguzi, ambaye huvuka kuwatazama wagonjwa, na alikuja na nguo zake zote za kitawa pamoja na kofia ya majani juu ya kitambaa. Maseri alinitazama mara moja tu, kwa jicho la kiuguzi.

"Rama, mwanangu, ile tumbo njo nini?"

"Ni gazi tu, Maseri, tumbo limejaa."

"Gazi ya tangu lini?"

"Ya usiku."

"Kuja niguse."

"Hapana, Maseri, inauma."

"Aa! Kama inauma njo niguse!"

Nikarudi nyuma, yeye akaja mbele, nikarudi nyuma tena, tukazunguka mtumbwi mzima. Papa Sefu akasema, "Muache, Maseri, ni muhogo ule mbaya, mimi pia umenifanya hivi tangu miaka kumi," akapiga tumbo lake. Kaka Tusa akachoka kutungoja. Akasema mgonjwa akae mbele kabisa, ili akitapika asimtapikie mtu. Ndivyo nilivyopewa mahali panapotikisika kuliko pote.

Akatusukuma, yeye mwenyewe akitembea majini pembeni, maji yakimfika mapajani. Maseri akasimama wa kwanza. Akajitia ishara ya msalaba, akasimama kama mshumaa, akakamata kafi, na mtumbwi ukakubali. Papa Sefu akasimama wa pili, akacheza kidogo kushoto na kulia, akapiga kelele "Mama yangu!", lakini akasimama. Watoto waliokuwa wakichota maji wakawapigia makofi. Ikawa zamu yangu.

"Rama, inuka! Usiangalie mayi, angalia ng'ambo! Kunja magoti, kidogo, kidogo!"

Tatizo ni hilo la kukunja magoti. Ukiwa na bidoni tumboni, huwezi kukunja magoti bila kuinama, na ukiinama bidoni inakusukuma nyuma. Nikasimama nimekakamaa kama mlango. Tusa akazidi kupiga kelele, kunja, kunja, nami kwa utii nikakunja, bidoni ikapanda mpaka kifuani, ikanikaba, nikarusha mikono, na mkono mmoja ukashika kitu laini, nacho kilikuwa shati la Papa Sefu. Tukaondoka wote wawili. Maseri alibaki amesimama, sijui kwa neema gani.

Papa Sefu aliibuka akitema maji, akasimama. Ndiyo, akasimama, kwa miguu yake, mchangani, maji yakimfika kiunoni! Kaka Tusa akanigeukia mimi akacheka: "Simama, Rama! Ni mafupi!" Na mimi ningesimama, ndugu zangu, ningesimama kama kila mtu, ila bidoni haikukubali. Ilinigeuza chali, ikanyanyua tumbo langu kuelekea jua, miguu yangu ikatafuta mchanga ikaukosa, nikawa napiga teke hewa na maji, na kila nikijaribu kuishusha miguu, ile bidoni inaniinua tena kama mama anavyomnyanyua mtoto. Mto ukanichukua polepole, bila haraka yoyote, kutoka kwenye yale mafupi kwenda kwenye yale marefu.

"Anaenda wapi huyu?" Papa Sefu akauliza.

"Simama!" Tusa akalia, safari hii hacheki tena. "Weye, simama!"

Nilitaka kujibu kwamba siwezi, lakini kusema kwa sauti mbele ya watu ni jambo lililonishinda tangu utoto, na maji yalikuwa yanaingia mdomoni. Nikainua mkono mmoja, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Watoto wa ukingoni wakadhani ninawaaga. Wakaniaga pia, wakikimbia kando ya maji: "Rama, safari njema! Utusalimie Lubutu!" (Lubutu mto haupiti, lakini nani angewasahihisha?)

Nikafika mbele ya soko. Wenye mihogo wakasimama. Na hapo, kutoka ng'ambo, mtumbwi ulikuwa unakuja moja kwa moja juu yangu, nyuma yake amesimama Mzee Amisi na kafi yake ndefu, na katikati, kati ya vikapu vya samaki, amekaa mama yake Zaina.

Kwetu, mtu akishafungua mlango wa ukwe, hasimami mbele ya mama mkwe. Hampi mkono, hamtazami usoni. Mkikutana njiani, wewe unaingia majanini na yeye anafunika uso, na mkigusana ni fedheha ya nyumba mbili, faini ya kuku mweupe na mashauri ya kutwa nzima. Nililelewa na bibi. Mambo hayo niliyanyonya. Kwa hiyo, nikiwa nakunywa mto, kitu cha kwanza nilichofanya ni kugeuza uso wangu upande mwingine.

Na yeye, kitu cha kwanza alichofanya ni kutupa kitenge juu ya kichwa chake.

"Mama Zaina!" Mzee Amisi akaita. "Mupe ile kafi mudogo! Mimi siwezi kuachilia, mayi iko na nguvu!"

"Ni nani?"

"Ni Rama!"

"Basi sioni mutu," alisema mama ndani ya kitenge, na akaichukua kafi, akainyoosha juu ya maji bila kuona, akanipiga nayo kwenye paji la uso.

"Samahani, Mama," nikasema. Mimi ndiye niliyeomba samahani!

"Sisikie mutu," akajibu.

Akanyoosha tena. Mimi nikaitafuta kwa mkono huku nikitazama soko, nikashika kitu, nikavuta kwa nguvu zote, kikaja. Kilikuwa kikapu. Samaki wa mama mkwe wakarudi kwao majini mmoja mmoja mbele ya pua yangu.

"Ile ni kikapo, weye mujinga! Kafi! Geuka uangalie!" Mzee Amisi sasa alikuwa anapiga kelele za kusikika Kibombo. "Na weye, Mama Zaina, fungua macho, mutoto atakufa na heshima yenu!"

Hatukugeuka wala hatukufungua. Mara ya tatu kafi ikaja yenyewe kwapani mwangu, nikaibana, wakanivuta mpaka ukingoni hivyo hivyo, na katika kuvutwa jezi ikapanda mpaka shingoni na bidoni ikabaki peupe, njano, inang'aa juani, soko lote likaiona. Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia tena. Papa Sefu alifika akikimbia, amelowa, akapaza sauti: "Gazi! Maseri, gazi ndiyo hii!" Maseri naye, aliyekuja nyuma yake, Mungu amsamehe, alikuwa amekaa chini mchangani, amefunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika.

Lakini Mzee Amisi hakucheka. Alishuka, akapiga bidoni kwa ncha ya kafi, tupu, ikalia. Akasema taratibu, na soko likasogea karibu ili lisikie.

"Kumbe hata kuogelea haujue. Na ulitaka kuchukua binti yetu, umuvushe kwetu na watoto wake? Bwana Rama, ile maneno imeisha. Waambie wazee wako wakuje kutwaa vitu vyao."

Nilikaa mchangani na bidoni yangu. Nilijua kwamba napaswa kusema kitu, kwamba dakika ile ndiyo yenyewe, na Zaina ananiponyoka. Nikafungua mdomo. Kikatoka kikohozi.

Ndipo mama yake Zaina akasema. Alikuwa amenipa mgongo, kitenge bado kichwani, na hakusema na mimi, alisema na mtumbwi, kwa sababu na mimi hawezi kusema.

"Baba ya Zaina alijua mayi," akasema. "Alijua kuliko weye, Amisi, na weye njo ulimufundisha. Wakati ya vita alivusha watu usiku, siku nyingi, kila mara anasema hii njo ya mwisho. Nilimuambia ogopa. Akaniambia mimi siogope mayi. Leo yeye iko wapi?"

Mzee Amisi akashusha kafi.

"Huyu anaogopa mpaka anajifunga bidoni. Mutu wa vile atarudi nyumbani kila siku. Mimi njo ninataka mukwe wa vile. Nimemaliza." Kisha akaongeza, bado kwa mtumbwi: "Na samaki yangu atalipa."

Zaina hakuwahi kunisimulia habari za baba yake namna ile. Sikujua kama nicheke au nilie, na kwa kuwa uso wangu ulikuwa umelowa tayari, hakuna aliyejua nimefanya lipi. Mzee Amisi alikaa ukingoni muda mrefu akitazama ng'ambo. Mwishowe akanyoosha mkono, akafungua lile fundo la mgongoni mwangu, ambalo maji yalikuwa yamelikaza hata nisiweze kulifungua mwenyewe, akasema, "Kufunga pia haujue." Kwa watu wa kwao, huko ni kukubali.

Tangu siku ile nimeapa: kitu nikikiogopa, nitasema kwa mdomo, hata mbele ya watu, hata sauti ikitetemeka, maana aibu ya kusema ni fupi na ile ya kuficha inapita mbele ya soko. Jina la Bidoni, walilonipa sokoni, nimelizoea. Kaka Tusa kila kiangazi ananiita nimalizie somo, na kila kiangazi namjibu, kwa sauti kabisa, "Naogopa, kaka."

Siku ya arusi tulivuka kwa mtumbwi wa Mzee Amisi. Zaina alisimama nyuma na nguo zake zote mpya, kafi mkononi, anaimba na kupiga kafi. Mama yake alikaa mbele, amefunika uso, ameelekea Kindu. Mimi nilikaa chini katikati, natazama Alunguli. Watu wa ukingoni walikuwa wanapiga vigelegele na kutupungia, nami niliwaona wote, lakini sikumpungia hata mmoja, kwa sababu mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika mtumbwi.