Alionyesha Jicho, Akaficha Ziwa

Wasomaji wangu, mama mmoja wa hapa Handeni, jirani yangu tuliyetazamana naye milango tangu tuvunje nyumba zetu za zamani na kuhamia kijiji cha ujamaa, tumemzika juzi. Alikuwa mcheshi, na mlimaji hasa. Kwenye shamba la kijiji wanaume tuliomba tusipangiwe mstari karibu naye, aibu tu. Kilichomwua ni kansa. Tangu hapo mimi nikiamka nafumba jicho moja, nafumba la pili, napima kama bado naona. Naogopa, siwafichi.

Ilianza kwenye ziwa, kifuani. Akakatwa ziwa hospitali ya Korogwe, akarudi, tukajua yameisha. Baadaye jicho la kushoto likaanza kuingia giza. Kijiji kipya, vumbi tele, nani hakuwa na macho mabovu? Zahanati wakampa dawa ya kupaka, akapaka wee, mwezi ukapita na mwingine. Mganga mwenyewe kijana wa kumzaa. Mama wa watu angeanzia wapi habari za kifua? Alionyesha jicho, kanga akaikaza.

Mumewe akaniomba niwasindikize Korogwe. Daktari, si yule aliyemkata, alimulika jicho, kisha akauliza, "Mama, umewahi kupasuliwa?" Mumewe akatazama dirishani. Daktari akarudia. Ndipo mama akasema polepole, "Ziwa, mwanangu. Lakini ziwa na jicho, wapi na wapi?"

"Ugonjwa ni ule ule, mama. Umesafiri kwenye damu. Nenda Dar es Salaam wakupige miali ya mashine."

"Jicho si litaungua?"

"Usipokwenda litazima, na la pili linaweza kufuata. Kansa yenyewe hatutaimaliza, nisikudanganye. Tunaokoa kuona."

Niliogopa kuliko mgonjwa. Yeye aliuliza tu basi linaondoka saa ngapi.

Alirudi kakonda, kope zimepukutika, lakini anaona. Halafu ugonjwa ukaingia mifupani. Siku zake za mwisho nilikwenda kumjulia hali, nimejikaza nisilie. Akanitazama toka kitandani. "Shemeji, vifungo umefunga upande. Nani kakuvalisha?" Tukacheka, mumewe akatoka nje.

Basi ndugu zangu, ukienda kutibiwa peleka mwili mzima, usimchagulie mganga pa kutazama. Ugonjwa huu hauna adabu ya kukaa ulipoanzia. Na anayekuhudumia akiwa kijana wa kumzaa, mwite mwanangu, kisha ufungue kanga.