Samaki Watatu wa Kathure

Marete wa Kibirichia, huku milimani Meru, ni mtu wa viazi. Kwa viazi alilelewa, kwa viazi akaoa, na ukikutana naye njiani, kabla hujamaliza kumwuliza habari za nyumbani ameshakueleza mbegu gani inaoza mvua ikizidi. Kwa hivyo siku majirani walipomwona akishuka kwenye pikapu amekumbatia tangi tupu la vioo, jasho linamtoka na baridi yote ile, walisema basi, amerukwa na akili. Watu wa kwetu kwa kuhukumu hawajambo!

Hawakujua yaliyokuwa chumbani. Mkewe Kathure alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika, na ile ya pili mtoto alikuwa ameshaanza kucheza tumboni. Safari hii daktari wa Meru alimshona mlango wa kizazi ili mimba isitoke, akamwambia alale. Alale kweli, si kulala kwa kuamkaamka kuchungulia sufuria. Kathure akalala, akaugeukia ukuta. Mambo ya mtoto hakutaka kuyasikia. Nguo ya mtoto hakutaka iingie nyumbani. Ukimwuliza atakula nini, anakwambia chochote. Na huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akibishana na wachuuzi wa Timau sokoni mpaka wanashusha bei wenyewe, jamani!

Mara moja tu Marete alimwona ametulia. Ilikuwa kliniki, kwenye chumba cha kungojea, ambako waliweka tangi la samaki. Kathure aliwatazama mpaka jina lake likaitwa mara ya pili. Marete akaliona hilo, akaliweka moyoni. Mungu awabariki wanaume wanaoona, maana wengi wao kliniki hutazama simu.

Fundi wa vioo akamtengenezea tangi. Kwa upande wa samaki alikwenda kwa Beverlyne, msichana anayeuza samaki wa mapambo mjini Meru.

"Bosi wangu, umeshaweka maji?" Beverlyne aliuliza.

"Leo jioni nitaweka."

"Basi leo sikuuzii."

Marete akamkodolea macho. Mfanyabiashara gani huyu anayefukuza kastoma? Beverlyne akamweleza taratibu. Aoshe kokoto vizuri bila sabuni, ajaze maji, awashe pampu ya hewa na chujio, kisha kila siku atie chembe ya chakula kana kwamba samaki wamo. Halafu angoje wiki kadhaa, mpaka wazaliwe vijidudu visivyoonekana ambavyo kazi yao ni kula uchafu wa samaki. Maji yasipokomaa hivyo, samaki wanaungua kwa mkojo wao wenyewe.

"Na kwa baridi ya kwenu, chukua hawa wa dhahabu. Wale wa madoadoa wanataka joto. Watatu tu, na usiniletee tamaa."

Kungoja, Marete alikujua. Mbegu ya viazi huwa anaikalisha stoo mpaka ichipuke, na anayeipanda kwa haraka zake anavuna aibu. Akaliweka tangi juu ya meza nzito, mbali na jua la dirishani, pale Kathure angeweza kuliona akigeuza kichwa tu. Kathure hakukigeuza.

"Hilo ni la nini?" aliuliza, uso bado ukutani.

"La samaki. Utawatazama."

"Marete, usiniletee kitu kingine cha kufa humu ndani."

Ai! Neno hilo lilimchoma. Angeweza kulirudisha tangi siku hiyohiyo, na pengine mwenye busara angelirudisha. Lakini tayari alikuwa amejifunga. Akaenda stoo, akaketi juu ya gunia, akasema, "Mungu wangu, najua una mambo makubwa. Lakini hawa samaki wasife. Wakifa, Kathure atasema na huyu wa tumboni anakwenda." Akajifuta uso, akarudi kuchambua viazi.

Maji yakakomaa. Samaki wakaja kwenye mfuko wa plastiki, na Marete akauacha uelee juu ya maji kwanza, wazoee ubaridi wake, ndipo akawaachilia. Mmoja akaenda moja kwa moja kwenye kioo, akasimama pale anafungua na kufunga mdomo. Kathure akageuka. Akamtazama, akasema, "Huyu ni mbea," na akacheka. Kicheko kidogo tu, lakini Marete alikisikia mpaka magotini. Kuanzia hapo Kathure alilalia ubavu wa upande wa tangi. Chakula aliwatupia mwenyewe asubuhi, cha ncha ya kidole, bila kuinuka.

Sasa hebu niambie, Mmeru gani atakaa nyumbani na kiumbe kinachomfungulia mdomo, asikipe chakula?

Wa kwanza alikuwa Gacheri, mama mzazi wa Marete, aliyekuja kumwangalia mkaza mwanawe. Alipomwona samaki anaachama kiooni, roho ilimwuma. "Kiumbe hiki kinakuomba na wewe unakitazama tu? Nani aliwafundisha uchoyo?" Kathure aliposinzia, akamega mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi, akatia. Wakaja akina mama wa kanisa na vikapu vyao, wakaomba, wakaimba, wakala, na kila aliyeaga akapita kwenye tangi kuacha baraka: huyu chapati, huyu kipande cha nduma. Tumbo halina shukrani, na la samaki ndilo kabisa. Kila walichopewa walikirukia. Marete aliona. Lakini utamwambia nani asilishe? Mama yako? Mke wa mchungaji? Afadhali useme umeacha wokovu.

Maji yakaanza kufanana na uji. Asubuhi moja Marete akaamka akamkuta mmoja anaelea ubavu. Akanyoosha mkono polepole amtoe, amfiche mfukoni, akimbie Meru kutafuta anayefanana naye.

"Mtoe tu," Kathure alisema nyuma yake. "Nilimwona tangu jana jioni."

Marete akageuka. Macho ya mkewe yalikuwa yamevimba. Alikuwa amelia peke yake, huku yeye amelala fofofo, bwege wa mtu! Akafungua kinywa aombe msamaha, aseme atalitoa tangi lote. Kathure hakumpa nafasi.

"Wawili bado wanapumua. Mpigie yule msichana wa samaki, umwulize tufanye nini. Sasa hivi."

Beverlyne akasema wasipewe chakula kabisa kwa siku kadhaa, na kila siku watoe theluthi ya maji, waweke mengine. Wasitoe yote, vijidudu vitakwisha. Gacheri akaingia na mawazo yake: kwa nini wasilimwage lote, walisugue kwa sabuni ya unga?

"Si sufuria, Mama," Kathure alisema. Kisha akajiegemeza kwenye mto, na ile sauti ya sokoni ikatoka, ile ambayo nyumba ilikuwa imeisahau. "Tena Mama, nakuheshimu, na nakushukuru kwa kunipikia. Lakini hawa ni wangu. Kuanzia leo hakuna wa kuwalisha isipokuwa mimi. Akina mama wakija, mimi mwenyewe nitawaambia. Anayetaka kununa, anune!"

Marete alishika ndoo asicheke. Gacheri alivuta pumzi, akatikisa kichwa. Kisha akaenda kuteka maji. Akayaweka karibu na jiko yapoteze ubaridi wa mlima, kwa sababu Kathure alimwagiza hivyo, na akina mama wa kanisa walipofika walimkuta Gacheri amesimama mbele ya tangi. Hata mke wa mchungaji hakupenya.

Wakabadilisha maji kila siku, Marete akibeba, Kathure akiamuru kutoka kitandani: polepole, usiwatishe, hayo bado baridi. Ukungu ukapungua. Ukafika wakati kokoto zikaonekana tena chini, na wale wawili wakazunguka wakizidonoa. Kathure akawatazama kwa muda mrefu, mkono juu ya tumbo.

"Kesho ukienda Meru," alisema, "mnunulie mtoto shali. Nzito. Huku ni baridi."

Marete alitoka nje akasimama kati ya magunia, akalia kwa sauti, hakujali nani anamsikia. Alisema asante, asante, hata hakumaliza sentensi.

Msichana alizaliwa hospitali ya Meru, miezi yake ikiwa imetimia, akapiga kelele tangu mlangoni mwa dunia. Kwa desturi wakamwita Gacheri, jina la nyanya yake. Siku waliyorudi, Kathure alishuka kwenye gari kwa miguu yake na kuingia chumbani bila kushikwa mkono. Akamweka mtoto kitandani, pale alipolala yeye miezi yote ile. Marete akapiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa amepanga kuomba sala ndefu, ya mtu mzima. Alipouona ule uso mdogo ukipiga miayo, maneno yote yakampotea.

"Asante kwa kukaa," alimwambia mtoto.