Mpaka Juu ya Ubao

Mlima wetu wa kule nyumbani Ngungu niliujenga juu ya ubao wa kitanda kilichovunjika, hapa kambini Bweremana tulikokimbilia tukikwepa vita. Baba ndiye aliyetaka. Hofu yake ilikuwa moja tu: kufa kabla watoto wangu hawajajua shamba lao linaanzia wapi na kuishia wapi.

"Ufanye maketi, mama," aliniambia mimi binti yake, "kama ile ulikuwa unafanya ku masomo."

Nilicheka. Shuleni maketi yangu, yaani mfano mdogo, ilikuwa kanisa la katoni, likalala kifudifudi kabla mwalimu hajalitazama. Lakini nani angemkatalia mzee yule?

Nikapanga vipande vya katoni, kila cha juu kikiwa kidogo kuliko cha chini yake, mpaka mteremko ukaonekana. Niligandisha kwa uji mzito wa muhogo. Panya wakala kona moja ya mlima, nikawalaani, nikagandisha upya. Kisha nikapaka udongo wa mfinyanzi, na hapo nikaharibu: niliupaka mnene mno. Ulipokauka ukapasuka. Ufa ulishuka kutoka nyumba yetu, niliyoiunda kwa vijiti, hadi mtoni, tena ndani kabisa ya shamba la jirani.

Nilitaka kuuziba, baba akanishika mkono.

"Uache. Mupaka njo iko pale."

Alikuwa anadanganya, na uso wake uling'aa kwa raha. Kando ya ufa nikasimamisha njiti za kiberiti nilizozipaka kijani, ziwe miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe tunayopanda mipakani.

Jirani mwenyewe anaishi hema la tatu kutoka letu. Tangu nizaliwe, yeye na baba wanagombania kipande kile. Alikuja, akainama, akapiga yowe.

"Papa! Hii mupaka iko mu shamba yangu! Miyenzi ilikuwa huku!"

"Ile miyenzi ulipanda usiku!"

"Ni wewe ulipanda usiku!"

Ikawa kila alasiri. Huyu anang'oa njiti, yule anazirudisha, udongo unamomonyoka, na mimi ndiye wa kuziba. Nilikuwa nawafokea: "Bazee, mutabomoa mulima!" Walikuwa wanagombania upana wa kidole. Lakini siku hizo baba alikula akamaliza sahani, na moyoni nilishukuru.

Kisha akaja mama mmoja muuza maharagwe, aliyekuwa amepita Ngungu. Aliutazama ubao, akauliza njiti ni za nini. Nikamwambia.

"Miyenzi haiko tena," alisema. "Baling'oa yote. Iko majani tu na ng'ombe. Hata fasi ya nyumba yenu, mimi sikuijua."

Wazee wote wawili walikuwepo. Hakuna aliyemuuliza ng'ombe ni wa nani. Mimi nilijua pale pale kwamba shamba limetwaliwa na haturudi, na nilichukia ule ubao, uji wangu na mikono yangu.

Kesho yake jirani alikuja saa yake ileile. Baba akausogeza ubao kwake, akang'oa njiti na kuichomeka mbali ndani ya shamba la mwenzake, mbali kuliko alivyowahi kuthubutu. Akangoja.

Jirani aliitazama njiti ile.

"Kamata yote, Papa," alisema polepole. "Nimekuachia."

"Hapana." Baba alimsogezea ubao tena. "Ugombane. Ndugu yangu, ugombane na mimi."

Jirani alikuwa ameshainuka, anaelekea hemani kwake.