Kimya, Anapiga

Nimeandika haya kwa ajili yenu mnaokaa na wagonjwa hospitalini. Shule sikuenda mbali, na wakati ule kichwa changu kilijaa dawa. Mahali nisipokumbuka nimemuuliza dada yangu Masika. Mahali tusipopatana, nitasema.

Naitwa Kavira, mzaliwa wa Butembo. Kazi yangu ilikuwa golfu. Najua watu hucheka. Ni ule mchezo wa kupiga kampira kadogo kwa fimbo mpaka kaingie kwenye tundu, mbali kule. Baba alikuwa akikata majani kwenye uwanja wa wazungu wa chai, akanifundisha kwa fimbo iliyovunjika. Nilipokua, klabu moja ya Kampala ilinichukua. Nilifundisha akina mama na kushindana kwa zawadi. Nilishinda mara chache, si nyingi. Kwetu waliniita Mama Fimbo. Masika alikuwa ananiambia, "Benzako banalima, weye unachapa majani!" Mais hata hivyo, zawadi ikifika, tulikula wote.

Kisha vita. Nilikuja Butembo kumzika Baba, na barabara ya Kasindi, ya kurudi Uganda, ikafungwa nyuma yangu. Klabu ilinitumia neno kupitia dereva mmoja: shindano la wanawake wanaolipwa linakuja, ukiweza kufika utacheza. Donc, basi, nikafanya mazoezi kule Rughenda, pembeni ya uwanja wa ndege, ambako majani yalikuwa mafupi. Watu walisimama kutazama wakipiga kelele. Niliwafundisha jambo moja tu: mtu akiinua fimbo, wote wananyamaza. Mmoja wao anasema, "Kimya, anapiga!" Walilipenda neno hilo kuliko mchezo wenyewe.

Viatu vya golfu nilivitunza kwa ajili ya shindano. Nilicheza na kandambili. Kampira kakaenda kichakani, nikakafuata, nikakanyaga senyenge ya zamani. Iliingia chini ya kidole gumba. Damu ilikuwa kidogo. Jirani alinifunga majani na majivu, kwa roho safi. Sisemi yeye ndiye aliyenitia ugonjwa. Pengine uliingia na chuma chenyewe.

Kidonda kilikauka. Shingo ikaanza kukaza, nikasema ni mazoezi. Taya likawa zito, nikasema ni jino. Jumapili nilienda misa. Padri akaniinulia hostia. Nilitaka kujibu Amina, kinywa hakikufunguka.

"Mama, fungula kinywa," akasema polepole.

Nilisukuma taya kwa mikono mbele ya watu wote. Mate yalinitoka. Nyuma yangu mwanamke akasema, "Yesu amemukatala. Si ni ule wa kuvaa suruali?" Nafikiri aliogopa tu. Mimi mwenyewe nilimwamini kidogo.

Hospitalini Butembo dokta alitazama mguu kabla ya kinywa. "Ni tetanosi, ile pepopunda," akamwambia Masika. "Dawa yake kwetu imeisha. Mujaribu Beni. Sitakudanganya, mama: bengi banakufia njiani."

Mfanyabiashara wa maharagwe alitupakia juu ya magunia yake. Kila shimo la barabara lilinikunja. Mgongo ulipinda kama upinde, nikaegemea kisogo na visigino tu. Nilijiuma ulimi, nikajikojolea. Akili haikupotea, na hilo watu hawalijui. Nilisikia kila kitu na sikuweza kitu.

Kwenye kizuizi askari alipanda kutazama. Ugonjwa huu huvuta uso mpaka meno yote yanaonekana.

"Mama, unanicheka?"

Bunduki ilikuwa karibu na shavu langu. Nilitaka kuacha kucheka, sikuweza.

"Hapana, kamanda!" Masika alilia. "Haiko nacheka. Ni ugonjwa njo inamuvuta uso."

Alinitazama sana. Kisha alishuka, akainua mti wa kizuizi kwa mikono miwili, taratibu, ili usigonge. Watu wamesema mengi juu ya askari wale, na mengi ni kweli. Na hili pia ni kweli.

Beni walinilaza katika sale, chumba kimoja cha wagonjwa wengi, upande wa Bungulu. Dawa ilikuwepo. Dokta wa huko akafunika dirisha kwa blanketi. "Makelele njo itamuua," alisema. "Sahani ikianguka, mwili unajikaza, pumzi inakatika." Walinilisha kwa mpira wa puani. Vidole vilijifunga kama vimeshika fimbo, kucha zikaingia katika viganja. Masika alinitia vitambaa mikononi.

Mais nani ananyamazisha vita? Karibu na pale askari walikuwa wanapiga risasi hewani. Sijui walifurahia nini. Kila risasi ilinipinda. Masika alitoka kwenda kuwaomba, akarudi.

"Nimebaambia. Banacheka."

Ndipo akasimama mlangoni, yeye aliyenicheka miaka yote, akawaambia wagonjwa na wageni wao, "Kimya, anapiga!" Mimi nilisikia "anapigwa". Masika anaapa kwamba alisema "anapiga". Hapo hatupatani mpaka leo.

Sale nzima ilinyamaza. Watu walikohoa ndani ya vitenge. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mama na mtoto mchanga mwenye surua. Mtoto akianza kulia, yule mama alimbeba nje barazani. Hata mvua ikinyesha. Nilimsikia Masika akimwambia, "Mama, mutoto ataloana!" Naye akajibu, "Acha tu. Ule dada akisikia kilio, atajikunja tena."

Mtoto yule naye alikuwa mgonjwa. Nilitaka kusema mrudishe ndani. Kinywa kilikuwa kimefungwa.

Siku moja sikusikia tena hatua zao.

Taya lilipolegea, kijiko cha uji kikapita. Neno langu la kwanza halikuwa asante. Nilisema, "Mutoto iko wapi?"

Masika alitazama kile kitanda. "Sijue. Nilikuwa naangalia weye tu."

Tuliuliza. Wengine walisema walirudi kwao Eringeti, mtoto amepona. Wengine walinyamaza. Sijui nimwamini nani.

Nilijifunza kutembea nikishika ukuta. Mfupa wa mgongo ulikuwa umevunjika kwa kule kujikaza. "Utatembea," dokta alisema, "lakini kupiga ile fimbo kwa nguvu, basi." Shindano lilikuwa limepita.

Namshukuru Mungu, nashukuru dokta wote wawili, na Masika. Ukichomwa na chuma, hata damu ikiwa kidogo, nenda upigwe sindano. Usiseme ni jino. Na mgonjwa asiyejibu, msizungumze kifo chake juu ya kichwa chake. Anasikia.

Sasa nafundisha wasichana kupiga polepole, karibu na tundu. Bado wanasema, "Kimya!" Mais mama akipita na mtoto anayelia, akaanza kukimbia ili asitusumbue, namwita arudi akae kivulini. Tunashusha fimbo. Tunangoja mtoto amalize kulia, kisha tunapiga.