Nchi ya Nestor Iliyochorwa Kwenye Boksi

Nestor alinikasirisha Jumamosi moja mpaka nikalipiga teke benchi lake, na leo nikipiga magoti kusali, jina lake ndilo la kwanza kulitaja. Acheni niwaeleze.

Nestor ni fundi wa simu na sola kule kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Mkongo wa Uvira, mwembamba, mpole hadi anaudhi. Ukimletea simu iliyoanguka majini hakuulizi ilikuwaje, anasema tu, "Sawa, tuone." Alifika kambini akiwa mdogo na shangazi yake, na shangazi alipofariki sisi majirani tulimlea kwa zamu, leo ugali kwangu, kesho maharage kwa mwingine. Hajaoa. Tukimtania kuhusu hilo anacheka, anaendelea na nyaya zake.

Anachokipenda ni mchezo. Rafiki yake mmoja alipohamishiwa Kanada alimwachia mfuko wa dadu za ajabu, nyingine zina pande ishirini, na Nestor akazitengenezea nchi nzima. Mnakaa mezani pake, kila mmoja anajifanya mtu mwingine: mwindaji, mwizi, mchawi. Nestor anawaambia mko wapi na mnaona nini, nyinyi mnasema mnafanya nini, dadu zinaamua kama mmeweza. Ramani aliichora kwenye boksi la mafuta ya kupikia lililokunjuliwa: mji wa Mirindi wenye lango kubwa, ziwa la chumvi lenye joka, msitu, na mbali kabisa kisima cha mjane, ambacho maji yake yanaponya. Watu wengine wanaoendesha michezo hii, aliniambia, wana hadithi yao tayari na wanawakokota wachezaji mpaka mwisho. Yeye hapana.

"Mimi natengeneza nchi tu, Mama Ruben. Hadithi mtaleta wenyewe."

Jumapili baada ya misa hukaa peke yake akitupa dadu, akiamua nini kimetokea kila pembe ya lile boksi, hata kule ambako hakuna mchezaji aliyekanyaga.

Mimi ni msusi, Mrundi, jina langu Annick, ingawa wengi huniita Mama Ruben. Niliingia mchezoni kwa sababu meza yake ilikuwa karibu na kiti changu cha kusukia na kelele zao zilinichosha, nikaona heri nami nipige zangu. Nikawa mganga mkali aitwaye Mama Radi. Wala sikuhitaji kuigiza sana.

Sasa, wakati huo nilikuwa na jambo langu. Apua, mama wa Kiturkana, wenyeji wa eneo hili, ambaye humletea shanga kila mwanamke wa mtaa wetu, alikuwa amepata kibanda sokoni Lodwar, kina nafasi mbili. "Njoo usuke upande mmoja," akaniambia, "mimi niuze upande mwingine." Mungu wangu, nafasi kama hiyo! Lodwar kuna akina mama wa maofisini, na wote wana vichwa. Lakini nilikuwa nasubiri kupelekwa nje, kama yule rafiki wa Nestor, miaka nenda miaka rudi, na nikaogopa: nikiondoka, halafu jina langu liitwe kambini nisiwepo? Nikamwambia Apua asubiri kidogo. Akauliza tena, nikamwambia subiri. Mwisho akanitumia salamu kwamba baada ya wiki tatu, siku ya Jumapili, atakuja Kakuma kuchukua mzigo, na akiondoka bila jibu langu atampa nafasi mtu mwingine.

Kule kwenye mchezo, yule mjane alikuwa ametangaza kwamba amezeeka na anatafuta wa kumwachia kisima. Mama Radi alikitaka kisima hicho, wee! Nestor akaanza: "Mko langoni mwa Mirindi. Kuna mlinzi amesimama. Mnafanya nini?"

Wiyual, fundi cherehani kutoka Sudan Kusini, mtu mzima na watoto wake, akajibu bila hata kufikiri: "Tunapanga mstari."

Sote tukakubali. "Halafu?" akauliza Nestor.

"Tunasubiri."

Jumamosi nzima tulikuwa kwenye mstari huo, tukigombana nani yuko mbele. Wiyual akaweka kibuyu chake chini kimshikie nafasi aende haja! Jumamosi iliyofuata, vilevile. Nestor anauliza tu, "Halafu?" na sisi tunasubiri. Jumamosi iliyofuata tena, ile ya kabla ya Apua kuja, akasema kwa sauti yake ya upole, "Mjane amekufa. Kisima amemwachia mwanamke mchunga mbuzi aliyepita njia."

Nikasimama. "Umeninyang'anya! Wewe Nestor, mimi niliyekulisha!"

"Alikungoja, Mama Ruben. Akachoka."

"Mlinzi hakutupitisha!"

"Mlinzi hakusema neno. Lango lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Sikuwaambia msubiri."

Wiyual akaanza kucheka, kisha akaacha. Mimi ndipo nikalipiga teke lile benchi, nikaenda zangu. Nilikuwa na hasira, na nilijua vizuri kabisa kwamba haikuwa hasira ya kisima.

Jumapili sikwenda misa. Nilikimbilia pale magari ya Lodwar yanapopakia, nikamkuta Apua, mizigo yake imeshafungwa.

"Ejok," nikamsalimu kwa Kiturkana. Akaitika bila kunitazama.

"Nakuja," nikasema. "Kama nafasi bado ipo, nakuja."

Akanigeukia. "Nilidhani hutaki kukaa na mimi," akasema. "Nilisema, huyu ni kama wakimbizi wengine. Shanga zetu anavaa, lakini kuishi na sisi hataki."

Muda wote huo nilifikiri nasubiri peke yangu. Haikunipitia akilini kwamba kila nilipomwambia subiri, yeye alikuwa anasikia simtaki. Nikamshika mikono miwili nikalia pale pale mbele ya makondakta.

"Nafasi ipo," Apua akasema. "Kiti uje nacho."

Kibali cha kutoka kambini nilikihangaikia mpaka nikakipata, nikahamia Lodwar. Nestor anaapa ni dadu zilizomwua yule mjane, na namwamini, maana habari za Apua sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Alinipa nchi tu, akaniacha nisimame langoni mwake mpaka nijione mjinga, na namshukuru Mungu kwa kijana yule tuliyemlea kwa zamu. Simu ya kupelekwa nje haijaja. Apua siku hizi ananiita dada, na nikimkosea ananiambia papo hapo.