Marahaba Niliyoitikia Kwamsisi

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka hata nisipotaka. Nilikuwa nimerudi kutoka Uingereza na shahada ya uzamivu, baada ya miaka mitano ya kusoma tamthilia zao zilizoandikwa karne nne nyuma. Niliandika, tena kwa mbwembwe, juu ya neno "wewe". Zamani Waingereza walikuwa na "wewe" mbili, ya mkubwa na ya mdogo, na ukikosea umemtukana mtu. Chuoni nilikofundisha kila mtu aliniamkia, hata mlinzi aliyenizidi umri. Nikazoea kuitikia tu.

Basi nikapanda bodaboda kwenda Kwamsisi kumsalimu mjomba, aliyenilea na kunisomesha baada ya baba kufariki. Macho yake yalishaingia ukungu. Alikuwa barazani akipukuchua mahindi, akasikia viatu vigumu, akadhani ni mkubwa fulani kutoka wilayani.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba," nikajibu. Ulimi hauna mfupa, mwanangu.

Akaliacha gunzi. Sauti yangu aliijua. "Kumbe ni wewe? Mimi nakuamkia, nawe unaitikia?"

Nikachuchumaa mbele yake. "Shikamoo, mjomba." Akaliokota tena gunzi. Nikarudia. Akauliza taratibu, "Huko unafundisha nini hasa?" Nikamweleza, aibu imenijaa, kwamba nafundisha jinsi Waingereza wa kale walivyoheshimiana kwa maneno. Akacheka mpaka akakohoa.

"Hao walishakufa," akasema. "Mimi bado nipo."

Nilikaa siku mbili. Alinikaribisha chakula, akaniuliza habari za watoto, lakini kila asubuhi nilipomwamkia aligeuza uso. Nikajiambia nitarudi likizo, atakuwa amepoa. Mvua za vuli hazijakatika, nikaletewa habari ya msiba wake.

Sasa nimestaafu, nakaa hapa Kilole, na nimechoka. Makala zangu sijui kama yupo anayezisoma. Kazi siijutii, zile tamthilia nilizipenda kweli, na mpaka leo nazipenda. Najuta kwamba niliahirisha.

Nawe sasa umepata nafasi ya kwenda kusoma yaleyale. Nenda. Watakuambia mwacha mila ni mtumwa, na ni kweli, ila kusoma si kuacha mila. Kinachoiba mila ni kuzoea kuamkiwa. Ukirudi, hata wakikuita daktari, tangulia wewe kusalimu. Na ukimkosea mtu mzima, usiondoke kabla hamjapatana, maji yakimwagika hayazoleki. Vitabu vya waliokufa vitakungoja, wala havina haraka.

Mungu akufungulie njia, mwanangu. Akurudishe unikute mimi mama yako bado nina sauti ya kukuitikia.