Sharubati ya Waridi ya Mama Yake Maria

Niliondoka Ibra, hapa Omani, kwa ajili ya Maria, muuguzi mwenzangu kutoka Kroatia. Mama yake alifariki kwao, na habari zilipomfikia, maiti ilikwisha zikwa. Mwenzangu akawa hali chakula. Siku zile, mwanzoni mwa miaka ya themanini, alitaja kitu kimoja tu: sharubati ya waridi aliyoitengeneza mama yake kila msimu wa maua.

"Waridi hata huku yapo," nikamwambia. "Twende Birkat al Mauz kwa mama yangu mkubwa, Bi Zuwena."

Alfajiri kaka yangu alitupakia garini. Tulipopita Izki, milima ilikuwa ya samawati, myepesi kama moshi wa ubani. Maria akaitazama kama mtu aliye usingizini.

Birkat al Mauz tuliingia kwa njia ya migombani, maji ya falaji, mfereji wa kunyweshea mashamba, yakipita kando yetu. Bi Zuwena alikuwa uani na kapu la waridi lililoteremshwa mlimani, anataka kupika marashi.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia, nikamweleza haja yetu.

"Marahaba, mwanangu. Sharubati? Haina ulevi?"

"Hii haina," Maria alijibu kwa Kiswahili alichojifunza kwangu. "Pombe ya waridi iko kwetu, lakini mimi nataka hii ya watoto."

Tukayafikicha maua kwa sukari na ndimu mpaka yakatoa maji mekundu, tukayaanika juani. Ua mzima ukanukia. Alasiri tukachanganya na maji ya mtungi. Maria akaonja, akaweka gilasi chini.

"Siyo ya mama."

Bi Zuwena hakuudhika. "Mama yako akiitwa nani?"

"Kata."

"Kata?" Akainua kata ya kutekea maji. "Sisi kata ndiyo hii!"

Maria akaishika, akacheka, kisha akalia. Ndipo akasimulia: mama akipanga chupa dirishani, mama akigombana na jirani kwa ajili ya mwaridi mmoja. Bi Zuwena naye akamtaja mama yake aliyezikwa Unguja sisi tumeshahamia Omani, kaburi asilolijua. Kabla ya siku ile sikupata kumsikia akilisema hilo. Gilasi zikawa tupu, wala hakuna aliyekumbuka ladha.

Njiani kurudi, Maria aliomba mkate. Akanitajia vinywaji vya kwao pamoja na watu waliovitengeneza: divai ya babu iliyozimuliwa kwa maji, chai ya majani ya mlimani ya shangazi. Jamaa zake wote wakawa kama wamepanda nasi.

Tangu safari ile, nikienda kuhani msibani, huuliza kwanza jina la marehemu. Kisha hukaa kitako, nikasikiliza.